Wote Waingie au Wote Wabaki Nje

Kasese
Jumatatu, 24 Juni 2019

Mama Thembo dada yangu,

Barua hii inakuja na Yonasani dereva kwa sababu jana nilikupigia mara nne nikaambiwa nambari yako haipatikani. Nikajua wamekufungia tena laini, wanataka kitambulisho cha taifa, na nyinyi mliotoka Beni mtakitoa wapi? Basi tutaandikiana kama wasichana wa bweni. Huku tu wazima. Salmah ameota meno mawili na anayajaribu kwangu kila akinyonya. Baba yake yuko Mubuku, mpunga umeiva.

Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili. Ile yenye mhuri ni ya kamati, mpe mumeo David kwa kuwa yeye ndiye nahodha wa Nyota ya Butembo. Hii ni yako peke yako.

Fainali ya Kombe la Mpaka itachezwa Jumapili tarehe 14 Julai, hapo hapo Bwera: Nyota yenu na Madereva wetu wa Kasese. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba Jumamosi kamati ilikaa saa tatu nzima ikibishana kama watazamaji waruhusiwe au la. Tangu Ebola ilipovuka kuja upande wetu mwezi huu, kila mtu ana lake. Haji Baker, mwenyekiti, alipiga meza: "Mpira bila watu ni mazoezi! Nani atakuja kucheza mazoezi siku ya fainali?" Mwalimu Tumukunde akamuuliza, "Goli likiingia, Haji, utamzuia nani asimkumbatie jirani yake?" Wakaanza kupigiana kelele.

Mimi ni katibu, sina kura, lakini mdomo ninao. Nikasema mechi ichezwe, milango ifungwe, watu wasikilize redioni. Haji akacheka. "Katibu, kazi yako kuandika."

Wameamua kila timu ilete maoni yake kwa maandishi kabla ya tarehe sita. David ataandika ya wachezaji. Mimi nataka ya akina mama mnaoshangilia, na nataka yatoke kwako. Alhamisi nakuja Bwera na mchele wa wateja wangu. Nitalala kwako siku mbili kama kawaida, mimi na Salmah, kama hujatuchoka.

Wako,
Nasifah

*

Bwera
Mardi, 25 Juni 2019

Mama Salmah,

Nimepata barua yako na nimecheka juu ya yale meno. Kuja. Godoro lenu nimeshalianika.

Unauliza kama watu waingie. Acha nikuambie kitu ambacho David hataandika kwenye karatasi ya kamati. Hapa Bwera siku sita za juma sisi ni "wale Wakongo". Nikishika nyanya sokoni, mwenye nyanya anasema nisiguse, nionyeshe kwa kidole tu. Bombani watu wanasogeza madumu yao. Lakini siku Nyota inacheza, vijana wa Bwera wanamwita David kwa jina. Wamama waliokimbia mapanga kule Beni wanavaa kitenge kizuri, wanaimba mpaka sauti inakauka. Mutu ambaye amepoteza nyumba na shamba na ndugu, kwa dakika tisini anakuwa mutu wa kushinda. Hiyo ndiyo mupira kwetu.

Usifikiri sijui ugonjwa. Ebola niliiona kwa macho. Mutoto wa baba mudogo alizikwa na watu waliovaa plastiki mwili muzima, mama yake akisimama mbali kama mugeni. Kwa hiyo sitasema ni uongo wa serikali, kama wengine wanavyosema. Ninachouliza ni hiki: sokoni tunabanana bega kwa bega, kanisa linajaa, musikiti wenu unajaa. Ugonjwa unajua njia ya kiwanjani peke yake?

Kama ni hatari, ni hatari kwa wote. Kama si hatari, si hatari kwa wote. Wote waingie au wote wabaki nje. Andika hivyo, weka jina langu chini yake.

Wako kwa Kristo,
Martine

*

Kasese
Jumatatu, 1 Julai 2019

Mama Thembo,

Tulifika salama. Asante kwa maharage, asante kwa siku mbili za kucheka. Nilipofika nyumbani niliona nimesahau kanga yangu kwenye kamba yako, itumie mpaka nirudi.

Maoni yako nimeyaandika vizuri na nimeyaweka kwenye faili kama ulivyosema: wote waingie au wote wabaki nje. Nakuahidi, kama wataamua vingine, haitakuwa kwa mkono wangu.

Lakini dada, kuna jambo halinitoki. Shangazi yako Kavugho. Ijumaa alipompokea Salmah mikononi niliusikia mwili wake una moto, na usiku mzima alikuwa anatetemeka upande wa pili wa pazia. Uliniambia ni malaria, uliniambia amevuka kwa njia ya mtoni kwa sababu hana karatasi za kupita mpakani, ukaniomba nisimwambie mtu. Sijamwambia mtu. Ila nakuomba umpeleke kituo cha afya. Wanapima bure. Kama ni malaria watampa dawa, basi, na sote tutalala usingizi.

Na uniambie tena, kwa maandishi ili moyo utulie: alitoka Kasindi tu, hapo ng'ambo ya mpaka? Hakutoka mbali zaidi?

Nasifah

*

Bwera
Mercredi, 3 Julai 2019

Nasifah dada,

Tulia. Tantine Kavugho iko mzuri. Nilimununulia dawa za malaria, jana amekula ugali na majani ya sombe, leo amefua nguo zake mwenyewe. Alitoka Kasindi tu, kwa binamu yetu anayeuza mafuta. Nimekuandikia sasa, umeona.

Kituo cha afya hapana. Hujui wanavyotuangalia pale. Mukongo akikohoa, benchi zima linasimama. Wakisikia amepita mtoni watamurudisha siku hiyo hiyo, na nyumba yangu itawekwa alama mbele ya watu.

Hii maneno ibaki kati yangu na wewe na David. Nakuamini kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Martine

*

Bwera
Mardi, 9 Julai 2019

Nasifah,

Leo sikuiti dada.

Jana asubuhi waligonga tangazo kwenye mulango wa kiwanja. Nilikwenda kusoma kama kila mutu. Nakuandikia maneno yake, ingawa unayajua:

"Kwa kuwa kamati imepata habari ya nyumba ya Wakongo hapa Bwera iliyomficha mgonjwa kutoka ng'ambo, watazamaji wa fainali wataingia kwa kuonyesha kitambulisho cha taifa cha Uganda. Wachezaji wa Nyota ya Butembo wataingia kwa orodha. Haji Baker, Mwenyekiti. Nasifah, Katibu."

Sahihi yako ni nzuri. Ile N kubwa yenye mukia. Wamama wa Nyota walikuwa nyuma yangu wananiambia, "Soma kwa sauti, Martine, sisi hatuoni." Nikasoma. Nilipofika kwenye jina la katibu sikulisoma.

Nyumba ya Wakongo iliyomficha mgonjwa. Waliojua ni watu watatu. David hakusema. Mimi sikusema.

Sikuwa nimefika nyumbani bado, gari lilikuwa limeshasimama uani. Watu wawili wenye nguo nyeupe mpaka kichwani, na afande mwenye bunduki. "Fungua! Mgonjwa iko wapi?" Majirani wote wakatoka. Wengine waliziba pua na nguo zao, mutu hajapiga hata chafya. Tantine aliona zile nguo nyeupe kupitia dirishani. Ni nguo zile zile zilizomuchukua mutoto wa kaka yake, na mutoto hakurudi. Akatoka kwa mulango wa jikoni, akapita kwenye migomba, pekupeku, mwanamuke wa miaka sitini na mbili. Nilimuita. Hakugeuka.

Nimemutafuta mpaka mtoni. Hana simu. Sasa ni siku ya pili.

Ulilala kwangu. Uliweka mukono wako kwenye sahani yangu. Uliandika kwamba wakiamua vingine haitakuwa kwa mukono wako. Ni mukono wa nani basi?

Martine

*

Kasese
Alhamisi, 11 Julai 2019

Martine,

Jana nilikuja. Nilisimama mlangoni kwako nikabisha mara tatu. Nilikusikia ndani unamwambia David, "Usifungue." Sikulaumu. Ila nilichokuja kusema nitakiandika.

Ni mimi niliyesema. Sitamsingizia mtu.

Jumamosi kamati ilipokaa, Haji alikuwa tayari ana watu wake. Walitaka milango iwe wazi kabisa, kila mtu aingie, na chakula kiuzwe ndani. Maoni yako niliyasoma, wakatikisa vichwa, wakaendelea. Ndipo mwalimu Tumukunde akauliza, "Hii hatari ya Bwera ni ya kweli, au ni ya redioni tu?" Nikakumbuka ule moto wa mikono ya shangazi yako. Nikasema, "Mimi mwenyewe nimetoka kulala kwenye nyumba yenye mtu wa homa aliyevuka majuzi." Nilidhani wataogopa wafunge milango kwa wote. Wallahi, hicho ndicho nilichotaka: wote wabaki nje, kama ulivyosema.

Haji akaweka kikombe chini. "Nyumba ya nani?" Nikanyamaza. "Ya Wakongo?" Nikanyamaza tena, na wote wanajua nikija Bwera nalala wapi. Akapiga makofi. "Basi, imekwisha! Wakongo wabaki nje, sisi tuangalie mpira wetu." Martine, walicheka. Walifurahi kama watu walioambiwa kwamba ugonjwa una uraia.

Nikasema hiyo si haki. Haji akasema, "Katibu, andika." Nikaandika. Nikatia sahihi. Duka langu liko kwenye nyumba yake, na hilo nililikumbuka, lakini si hilo tu. Miaka minne nimezoea kuandika ninachoambiwa, na mkono ulikwenda wenyewe. Hiyo ndiyo aibu yangu. Watu wa afya sikuwaita mimi, lakini waliitwa kwa sababu yangu.

Sasa nina langu.

Jana asubuhi, kabla sijaja kwako, watu wa afya walikuja hapa Kasese. Mzee mmoja mpole, ana orodha. Akaniuliza kama ni kweli nililala nyumba moja na Kavugho. Nikasema ndiyo, ametoka Kasindi. Akatikisa kichwa. "Mama, huyu alikuwa Butembo. Alihudhuria mazishi ya mtu aliyekufa kwa Ebola. Jina lake tulitumiwa na wenzetu wa ng'ambo, ni kati ya waliotoweka kabla ya siku ishirini na moja za uangalizi kwisha."

Nikamwambia amekosea. Nikatoa barua yako ya tarehe tatu nimwonyeshe. Alisoma, akairudisha.

Amekosea, Martine?

Nilikuuliza kwa mdomo, nikakuuliza kwa maandishi. Shangazi yako alimtafunia Salmah ndizi akamtia mdomoni, na wewe ulikuwa umekaa pale unatazama, unatabasamu. Kama ulijua, ulitabasamu vipi?

Jana walikuja na kipimajoto, na leo asubuhi tena, wanakielekeza kwenye paji la uso la mtoto wangu, na mimi sivuti pumzi mpaka wasome. Baba yake amerudi kutoka Mubuku akaacha mpunga shambani. Ameniuliza swali moja tu: "Ulimpeleka mwanangu kwenye nyumba gani?"

Nasifah

*

Bwera
Lundi, 15 Julai 2019

Nasifah,

Naanza na hili juu ya Salmah, mengine yatafuata. Tantine amepatikana. Alipita mtoni akafika Kasindi kwa binamu, akaanguka mulangoni. Wakamupeleka kupima. Majibu ya damu yametoka mara mbili: si Ebola. Ni malaria, ile ile. Binamu ametuma mutu na karatasi, nimeshaipeleka kwa watu wa afya hapa, wamesema watawaambia wenzao wa Kasese. Vuta pumzi.

Sasa swali lako. Yule mzee hakukosea.

Alikuwa mazishini. Aliyekufa ni kaka yake, mudogo wa baba yangu. Alisimama mbali, hakugusa maiti, hivyo ndivyo alivyoniambia na mimi nikaamini juu nilitaka kuamini. Alifika kwangu siku ya nne baada ya mazishi. Nilijua ulipokuja. Nilijua alipomubeba Salmah. Nilikuwa nahesabu siku kichwani, huku natabasamu.

Unataka kujua kwa nini. Kama ningesema, usingelala kwangu. Katika muji huu wote ni wewe peke yako unayelala kwangu. Nilitaka ulale. Hakuna sababu nyingine kubwa kuliko hiyo, na najua haitoshi.

Lakini kosa langu halifuti la kwako. Mimi nilificha mugonjwa mmoja. Wewe uliwafungia mulango watu mia tatu.

Nikuambie fainali ilivyokuwa, juu wewe hukuja. Nilimwambia David, "Ekipe isiingie kiwanjani. Kama wamama wetu beko nje, na nyinyi mubaki nje." Akaniambia, "Martine, tumetafuta fainali hii miaka mitatu. Tusipocheza watasema tumeogopa." Asubuhi ya Jumapili nilidhani amekwenda misa ya kwanza. Alikuwa amekwenda kuvaa jezi.

Tulisimama njiani, nje ya kiwanja, wamama kama arobaini. Ukuta wa mabati ulituzuia, tuliona anga tu. Afande akaja: "Nyinyi, rudi! Hapana simama hapa!" Tukasogea, akaondoka, tukarudi. Tulikuwa tunasikiliza. Watu wa Kasese walikuwa wanapiga kelele kubwa, ngoma, vuvuzela, halafu ghafla kelele zote zikakatika. Kimya kabisa. Mama mmoja akanishika mukono. "Wamefunga," akasema. "Wetu bamefunga." Hivyo ndivyo tulivyojua. Kila goli letu lilikuwa kimya. Yalikuwa mawili. Madereva walipata moja, hilo tulilisikia mpaka masikio yakauma.

Nyota imechukua kombe na hakuna mutu aliyewaimbia. Tulipojaribu kuimba pale njiani afande alirudi. David aliliweka kombe kwenye meza yangu. Nilimupa chakula. Neno sikumupa, na mpaka leo sijamupa.

Hapa watu wanatafuta nani alisema. Wanasema ni Patience, yule mjane anayeuza samaki wa chumvi kutoka Katunguru, juu anatafsiri lugha yetu ya Kinande kwa watu wa afya. Hawanunui kwake tena.

Usiniandikie tena.

Martine

*

Kasese
Jumatatu, 22 Julai 2019

Martine,

Umesema nisiandike. Nitaandika mara hii moja, halafu nitatii.

Watu wa afya wameacha kuja. Yule mzee alimnyanyua Salmah juu, akamrudisha kwangu akasema, "Huyu ni mzima, mama, mlee." Niliingia ndani nikalia. Baba yake sasa anazungumza na mimi, lakini bado hajaniuliza nakwenda wapi nikitoka.

Ulichosema juu ya kulala kwako nimekisoma mara nyingi. Nina hasira na wewe hata sasa. Mtu anaweza kukupenda hivyo na bado akakuwekea mtoto wako hatarini, sikulijua hilo. Ulininyima haki ya kuchagua. Ungeniambia, labda ningekimbia, au labda ningekaa nje uani nikazungumza na wewe kwa mbali. Hatutajua.

Lakini siandiki kwa hilo. Naandika kwa mstari wako wa mwisho. Umeandika jina la Patience kama mtu anayetaja hali ya hewa, ukapita. Wewe unajua aliyesema ni mimi. Umejua tangu tarehe nane. Mwanamke huyo hajasema kitu, hakujua hata kwamba Kavugho yuko Bwera, na watu wenu wanamnyima riziki kwa dhambi yangu. Nani atawaambia, kama si mimi au wewe?

Nimefanya upande wangu. Ijumaa nilimpelekea Haji Baker barua ya kuacha ukatibu. Aliisoma akiwa amesimama. Nikamwambia kumbukumbu za kikao zimeandikwa nusu, nataka iongezwe kwamba katibu alipinga. Akasema, "Ulipinga? Mbona sahihi yako haikupinga?" Na ni kweli. Mwisho wa mwezi nahama kwenye duka lake.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Nimeiandika kwa ajili ya watu wa Nyota wote. Inasema ni mimi, Nasifah wa Kasese, niliyetoa siri niliyopewa nyumbani kwa rafiki, na kwamba Patience hahusiki hata kidogo. Nimeandika jina la baba yangu na mahali ninapouza, atakaye kuja kunitukana aje. Jina lako sikuliweka. Isomwe kanisani, au sokoni, popote. Sina mwingine wa kumtuma.

Na kuhusu mechi: hata leo nasema milango ilifaa kufungwa. Kwa wote.

Nasifah

*

Bwera
Vendredi, 9 Agosti 2019

Nasifah,

Karatasi yako ilikaa kwangu siku kumi na sita. Niliifunga ndani ya kitenge, nikakiweka chini ya vingine.

Nilijiambia nangoja padri arudi safari. Padri alirudi. Nikajiambia nangoja watu wapoe. Watu hawakupoa. Juma lililopita kwaya ilimwambia Patience akae benchi la nyuma, na Jumapili hakuja misa. Jana nilipita mbele ya meza yake sokoni. Samaki wote wako pale walivyopangwa asubuhi, hakuna hata mmoja aliyetoka. Akaniambia, "Bonjour, Mama Thembo." Peke yake anayeniamkia pale bado. Nikajibu, nikapita. Nikafika mbele kidogo, nikasimama.

Unajua nilikuwa naogopa nini? Hapa wanaamini tantine alitoka Kasindi tu, na gari lile lilikuja kwangu kwa uongo wa mutu. Kama wakijua ni wewe, watauliza wewe ulijua namna gani. Wangejua nilimuficha mutu wa mazishini katikati yao, na watoto wao wanacheza uani kwangu. Wangejua kwamba tangazo lile, lenye uongo mwingi, kwenye neno moja halikudanganya. Nilimuacha Patience abebe, juu yeye hana mume wa kumusemea wala watoto wakubwa. Nilimuchagua. Sikujiambia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Nikarudi nyumbani nikachukua karatasi yako. Nilimukuta Patience nyuma ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda, anafuta chumvi kwenye samaki awafunge upya. Nikamusomea yote kwa sauti. Hakuacha kufuta.

Nilipomaliza akauliza, "Wewe ulijua tangu siku gani?"

"Tangu siku ya tangazo."

"Mwezi muzima."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unanisalimia."

"Ndiyo."

Akaweka samaki chini. Nilidhani atanipiga, na ningekaa anipige. Akapangusa mikono kwenye nguo yake, akachukua karatasi, akaiangalia mbele na nyuma. Hajui kusoma sana. Akanirudishia.

"Hii ni ya yule mama wa Kasese," akasema. "Yeye amesema yake. Ya kwako iko wapi?"

Nikamwambia nitaandika, padri ataisoma.

"Hapana. Mimi hawakuniandikia. Kila mutu aliniambia kwa mudomo, hapa, kwenye uso. Na wewe useme kwa mudomo."

Nimetoka kwa padri sasa hivi. Amenipa nafasi Jumapili hii, misa ya pili, baada ya matangazo. Najua ni siku ya Idi yenu, kwa hiyo sikuombi uje, na hata ingekuwa siku nyingine nisingekuomba. Bado sijakusamehe. Wewe pia hujanisamehe, nimeona kwenye mwandiko wako. David nimemwambia usiku wa kuamkia leo. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu fainali. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema atasimama na mimi. Nikamwambia akae kwenye benchi na watu wengine. Wakati huu nasimama peke yangu.

Nitasoma karatasi yako kama ulivyoiandika, na jina la baba yako, na mahali unapouza. Lakini kabla ya hiyo nitasema jina la tantine, na nitasema Butembo, na nitasema langu.

Martine